Mbegu Haivuki Uzio

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwa Nanret mambo yalikwenda kinyume. Aliuona ung'ongo kwanza, akashtuka, akajicheka kwa kushtuka kwake, kisha akanyoosha mkono auokote afungie mzigo wa mtama. Hapo ndipo ung'ongo ulipomuuma.

Hakupiga kelele. Alisimama akiutazama mkono wake, matone mawili ya damu yamejitokeza nyuma ya kiganja kama shanga. Yule mnyama mfupi, mwenye rangi ya vumbi, wala hakukimbia. Alijikunja palepale na kujisugua magamba, akitoa ule mlio wa mafuta yanayochemka kikaangoni ambao kila mtu wa vilima vile anaujua tangu yuko mgongoni kwa mama yake. Kisha akaingia chini ya rundo la mabua kama mtu anayerudi kwake.

"Ponfa," Nanret alimwita mumewe aliyekuwa upande wa pili wa shamba. "Njoo. Nimechomwa na mwiba."

Ponfa alitupa mundu, akaja mbio na jembe la mtu mwingine. Hakuuliza mwiba gani. Katika ukoo wa Wuyep, na koo nyingine za jirani, aliyeumwa hatajiwi kilichomuuma. Sumu ina masikio, walisema. Ikisikia jina la mwenyewe, hupanda. Kwa hiyo mtu huchomwa na mwiba, hata kama mwiba wenyewe bado unatambaa mbele ya macho ya watu.

Ponfa alilipiga rundo la mabua mpaka likawa makapi. Hakupata kitu. Akamshika mkewe bega, na njia nzima ya kurudi nyumbani akamwambia atembee polepole, huku yeye mwenyewe akitembea upesi.

Mama Ponfa alikuwa uani anamenya karanga. Alipoona jinsi Nanret alivyoushika mkono wake, akaweka ungo chini. Alikuwa mwanamke mwembamba, mnyoofu, ambaye hata kuinama aliinama kama anayetoa heshima. Aliutazama ule mkono, akamtazama mkwewe usoni, akasema kwa sauti ya chini, "Mwaka huu hukumeza."

Wote walijua sababu.

Kila mwaka, kabla mvua ya kwanza haijalowesha mashamba, Mama Ponfa alikuwa akiwamezesha watu wa nyumba ile mbegu za upupu. Ndiyo, upupu uleule, mmea ambao watoto humwagiana kwapani wakigombana, ukikugusa unajikuna mpaka unasahau jina la baba yako. Yeye alijua kuyakata maganda yake kwa kisu kilichofungwa kwenye mti mrefu, kuyafingirisha katika jivu mpaka manyoya yaishe makali, na kutoa ndani yake mbegu nyeusi zinazong'aa kama macho ya panya. Kabla ya siku hiyo alikaa kwa muda mrefu bila kula chumvi. Siku yenyewe ikifika, watu walipanga mstari, akamwekea kila mmoja mbegu mdomoni kwa mkono wake, huku akinong'ona maneno aliyoachiwa na mama mkwe wake. Mbegu ilimezwa nzima. Aliyeigusa kwa jino aliitema, akasubiri mwaka mwingine. Na tangu nyumba ile ijengwe, hapakuwa na mtu wa humo aliyekufa kwa mwiba.

Lakini mbegu haikuvuka uzio. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Nimfa, mdogo wake Nanret, alipochomwa huko kwao, Nanret alikimbia kwa mama mkwe wake akapiga magoti aombe hata mbegu mbili. Mama Ponfa alilia pamoja naye, machozi ya kweli kabisa, akamnywesha maji, na hakumpa. Alisema mbegu ikitoka nje ya uzio hufa, na nyumba nzima hubaki wazi. Nimfa alitokwa na damu kwenye fizi, kisha puani, kisha kwenye kovu la zamani la goti lililokuwa limepona tangu utotoni, mpaka akawa hana ya kutoka.

Baadaye akaja Rifkatu. Alikuwa mtaalamu wa maabara katika hospitali ya misheni, msichana kutoka mjini Jos mwenye viatu vya plastiki na maswali mengi, akizunguka vijijini kuuliza watu wanatumia miti gani kwa miiba. Wengi walimdanganya kwa adabu. Mwenyewe alijipatia sifa kijiji kizima siku aliyoshika ganda la upupu kwa mkono mtupu, akaishia kukaa ndani ya beseni la maji la mama mmoja huku wanawake wakimpaka jivu na kumwimbia wimbo wa bibi harusi. Alicheka pamoja nao, macho yamemvimba. Labda ni kicheko kile kilichomfanya Nanret amwamini. Alimtolea kiganja cha mbegu kutoka katika chungu cha Mama Ponfa, akamweleza zinavyomezwa.

Haikukaa siri. Mwaka huo, mstari ulipofika kwa Nanret, mkono wa Mama Ponfa ulimpita ukaenda kwa mtu wa nyuma yake. Hakuna aliyemtukana. Walimruka tu, kama dimbwi.

*

Baba Selchang, mdogo wa marehemu baba yake Ponfa na mkubwa wa nyumba, aliletwa kutoka kwenye pombe yake ya mtama. Alikuwa mtu wa haki kwa kipimo chake. Alisema jambo hili lilikuwa na mzizi, na mzizi lazima ung'olewe kabla jani halijaguswa. Nanret apige magoti, aweke kiganja ardhini, aombe radhi kwa mbegu, kwa Mama na kwa nyumba. Hapo Mama ataweza kumpa dawa ya baadaye, ile ya kuchemshwa. Bila hivyo mkono wa Mama umefungwa.

Mama Ponfa alikuwa tayari amesogeza chungu karibu na moto. "Sema, mke wetu," alimbembeleza. "Neno si gunia."

Nanret alihisi mkono ukijaa, ngozi ikivutika kama ya ngoma iliyoanikwa. "Nipelekeni hospitali kwanza, Baba," alisema. "Habari ya magoti tutaizungumza nikiwa bado ninayo."

Baba Selchang alimgeukia Ponfa amwone mwanamume atakavyosema. Ponfa alikuwa mtu wa kukubaliana na wa mwisho kuzungumza. Watu walimtania kwamba hata mwangwi ulimshinda kwa ubishi. Alitazama chini, akamtazama mama yake, akatazama ule mkono. Kisha akatoka. Baba Selchang akaanza kuitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akidhani kijana amekwenda kujisitiri aibu. Ndipo wakasikia pikipiki ya jirani ikinguruma nje ya uzio.

Njiani Nanret alishika kiuno cha mumewe kwa mkono mmoja, ule mwingine ameuning'iniza kando kama wa mtu mwingine. Kulikuwa na jambo moja ambalo hakumwambia mtu. Baada ya kurukwa mstarini, alishuka peke yake hadi kijitoni, ambako upupu hujiotea juu ya vichaka bila kupandwa na yeyote. Aliyakata maganda kama alivyomwona Mama akifanya, akayafingirisha katika jivu, akatoa mbegu na kuzimeza nyuma ya ghala. Hakufunga chumvi, mdomo wake ulikuwa na karanga za chumvi alizotoka kula. Hakujua maneno, kwa hiyo hakusema neno. Alikunywa maji ya mtungi juu yake, akajifuta, akarudi kusonga ugali.

Sasa, kila pikipiki iliporuka shimo, alijiuliza kama alijikinga au alijiitia. Mbegu isiyo na mkono wa mtu, isiyo na maneno: huenda ndiyo iliyomwonyesha yule mnyama njia. Aliramba fizi zake kwa ulimi, akitafuta ladha ya chuma. Hakuipata. Akaramba tena.

*

Mlangoni mwa hospitali alikaa karani mgeni kutoka kusini, amehamishiwa karibuni, anatafuna ubuyu na kuandika kadi. Ponfa alimsalimu kwa heshima zote, akimwita Oga kama wanavyoitwa wakubwa, akasema mkewe amechomwa na mwiba.

Karani aliinua macho. "Mwiba."

"Ndiyo, Oga. Mwiba."

"Umempakia mwanamke mzima kwenye pikipiki kwa sababu ya mwiba? Kwenu hakuna sindano ya kushonea?" Akacheka, akatafuta mtu wa kucheka naye, akakosa. Benchi lote lilikuwa na watu wa vilima vile, na wote walikuwa wameelewa. Mzee mmoja alikohoa. Mama aliyebeba mtoto aliinamisha uso. Hakuna aliyefungua kinywa, kwa sababu kumtaja mwenye sumu mbele ya mgonjwa ni kumwita.

"Ni mwiba mkubwa, Oga," Ponfa alisema, jasho likimtoka.

"Hata uwe mkubwa kama jembe, wa vidonda wanakaa kule. Foleni ile." Akaelekeza kwa kalamu kwenye benchi la watu waliosubiri kubadilishiwa bandeji, refu mpaka kwenye pembe ya jengo. "Na kadi unalipia kwanza."

Ponfa akaanza kupekua mifuko. Alikuwa anakwenda kulipa. Alikuwa anakwenda kumkalisha mkewe mwishoni mwa foleni ile, kwa upole, kwa adabu, bila kuvunja mwiko wa mtu yeyote, na wangesubiri hapo hadi afe kwa heshima. Nanret aliyaona yote hayo katika mgongo wa mumewe ulioinama. Akasogea mezani akauweka ule mkono juu ya kadi za karani. Ulikuwa umevimba hadi karibu na kiwiko.

"Nyoka," alisema. "Nimeumwa na nyoka."

Benchi lilirudi nyuma kama upepo umelipiga. Mwanamke mmoja alimziba mtoto wake masikio, mwingine akatema mate chini mara mbili. Ponfa alifumba macho. Yule karani, ambaye hakuwa na ugomvi na jina hilo, alisimama mpaka kiti kikaanguka, akamwita muuguzi kwa sauti iliyosikika wodini.

Nanret alingoja sumu ipande. Alisimama akaisikiliza mwilini mwake. Ilikuwa inauma palepale ilipokuwa inauma.

*

Rifkatu alimtambua kabla hajaambiwa jina. Alitoa damu katika mkono usioumwa, akaimimina ndani ya kichupa cha kioo, kikavu, kisafi, akabandika plasta yenye jina na kukisimamisha dirishani. Kando yake kilikuwapo kichupa kingine, cha mfugaji mmoja Mfulani aitwaye Buba aliyelala kitanda cha pili, mguu umefura, ameletwa na mkewe muda mfupi uliotangulia.

"Havitaguswa," Rifkatu alisema. "Havitatikiswa. Tutaviacha muda wa kupika sufuria moja ya uji. Damu nzima ikiachwa huganda. Ya mtu ambaye yule mnyama amemharibia damu haigandi, inabaki maji."

"Halafu?"

"Halafu ndio nijue la kufanya."

Hakuna uji uliowahi kuchelewa kuiva kama ule. Wagonjwa wote wa chumba kile, hata wasiohusika, waligeuza nyuso dirishani. Jua lilipita ndani ya vichupa likavifanya vyekundu kama mbegu za komamanga. Mke wa Buba alisali kwa kunong'ona. Nanret hakusali. Alikuwa anamwona Nimfa na kovu lake la goti, damu ikitafuta mlango wa zamani ili itoke.

Rifkatu aliinua kichupa cha Buba kwanza. Alikiinamisha, na damu ikateleza upande mmoja, kisha upande wa pili, nyepesi kama maji mekundu ya maua ya choya. Mke wa Buba alielewa bila kuelezwa. Rifkatu alimgusa bega na kumwambia dawa ipo, kidogo, lakini ipo, na iliwekwa kwa ajili ya damu kama hii. Alikwenda mwenyewe kuitoa kwenye jokofu, akamkabidhi muuguzi. Ndipo akarudi dirishani.

Aliinua kichupa cha Nanret. Alikiinamisha kidogo. Akangoja. Akakiinamisha zaidi, mpaka kikalala. Kisha, polepole, kama mtu anayemgeuza mtoto mchanga, akakipindua kabisa, mdomo chini, makalio juu.

Damu ilibaki juu. Ilining'inia pale kwenye kitako cha kichupa, nzito, imeshikana kama kipande cha ini, na wala tone halikuanguka.

Nanret aliitazama damu yake mwenyewe imesimama juu chini hewani, ikikataa kumwagika, na ikawa kama anamwona mtu asiyemfahamu aliyekuwa akiishi naye nyumba moja. Aliomba aonyeshwe tena. Rifkatu alikipindua tena. Wakatazama wote, na mzee wa kitanda cha pembeni, mwenye pumu, alijiinua kwa viwiko ili naye aone.

"Ulimeza mwaka huu?" Rifkatu aliuliza hatimaye.

"Nilimeza."

"Kwa mkono wa Mama?"

"Kwa mkono wangu. Nyuma ya ghala."

Rifkatu alivuta kiti akakaa, kichupa bado mkononi. Alisema maneno ambayo Nanret aliyakumbuka baadaye kuliko yote, kwa sababu hakuwahi kumsikia mtu wa elimu wala mtu wa mila akisema hivyo. "Nikikuambia ni mbegu, nitakuwa mwongo. Nikikuambia si mbegu, nitakuwa mwongo mara ya pili."

Akamweleza. Wapo nyoka wanaouma bila kutema sumu, au wanaotema kidogo. Uvimbe ule ulionyesha kwamba sumu iliingia. Kiasi gani, nyoka peke yake ndiye ajuaye. Mkono mmoja wa mwanamke mmoja si jibu, na angepimwa tena na tena kabla ya kuruhusiwa kuondoka, na dawa ingekaa karibu. Lakini kule Jos, yeye na wenzake walikuwa wamesaga mbegu zile, wakazichuja, wakazikutanisha na sumu ndani ya kioo, na mambo waliyoyaona yaliwanyima usingizi.

Nanret alionyesha kwa kidevu ile chupa iliyokuwa inamdondokea Buba mshipani. Aliuliza hiyo nayo imetoka kwenye mmea gani. Rifkatu akasema haikutoka kwenye mmea, imetoka kwenye damu ya farasi. Farasi huchomwa sumu kidogo, kidogo kabisa, isiyomuua. Damu yake hujifunza sumu hiyo. Siku nyingine huchomwa zaidi kidogo. Mwishoni damu ya farasi humjua nyoka kama unavyomjua mdai wako kwa mbali njiani, na ujuzi huo ndio unaotolewa ukatiwa chupani.

"Na mbegu?"

Rifkatu alisita. "Tunadhani. Usiende kijijini ukasema nimesema. Tunadhani ndani ya mbegu mna kitu chenye sura inayofanana na sumu. Hakina ubaya wake, ila kinafanana nayo, kama ndugu. Damu ikikutana nacho, huishika ile sura. Mwenyewe akija, anakuta ameshajulikana."

"Kwa hiyo upupu ni nyoka wa mimea."

Rifkatu alicheka, akajikuna shingo bila kujua kwamba anajikuna.

Lakini Nanret hakuwa amesema kwa mzaha. Mchana ule wote alilala akiwaza juu ya mmea ule wa kijitoni ambao haukupandwa na mtu. Hauna macho. Haujawahi kutoka pale ulipoota. Ni nani aliyeupa sura ya nyoka uibebe tumboni, ndani ya ganda lenye manyoya yanayomfukuza kila mwenye ngozi? Na ni bibi yupi, katika njaa ipi, aliyethubutu kupita manyoya yale na kuitia ile mbegu kinywani, akaishi, akaona, akakumbuka? Alihisi udogo ambao haukuwa wa kuonewa. Alikuwa mdogo kama mtu aliyesimama chini ya mwamba mkubwa na kugundua kwamba mwamba unampa kivuli.

*

Asubuhi damu yake iliganda tena, na ya Buba iliganda kwa mara ya kwanza. Rifkatu alivishika vichupa vyote viwili, akavipindua kwa pamoja, na damu ya farasi na damu ya mbegu, kama ilikuwa ya mbegu, zikaning'inia sawasawa. Buba alimwomba mkewe maziwa. Mkewe akamwambia angetaka maziwa asingekanyaga vitu asivyovijua, kisha akajifunika uso kwa mtandio akalia.

Ndipo walipofika watu wa Wuyep. Baba Selchang alivaa kanzu ya kwenda mahakamani. Ponfa, aliyekuwa amerudi nyumbani usiku, alibeba kapu la chakula. Mama Ponfa alikuja na kibuyu kidogo cha unga wa mtama mweupe, ule wa kuombea radhi, na alikishika kwa mikono miwili kama kimejaa hadi ukingoni.

Baba Selchang alianza kwa salamu ndefu. Alifurahi kumkuta mke wao hai. Kijiji kizima kilikuwa kinasema ni mbegu za Mama, zile za miaka iliyopita, zilizobaki mwilini zikamwokoa. Na ilikuwa vizuri iendelee kusemwa hivyo. Lakini jina lile alilolitaja hadharani limewafikia. Na kiganja cha mbegu alichompa yule binti hakijafutwa. Unga umekuja. Apige magoti hapohapo kando ya kitanda, aseme, jambo liishe. Asiposema, mkeka wake utawekwa nje ya uzio, na yeye Selchang, ingawa itamuuma, ndiye atakayeuweka.

Nanret alisema si mbegu za miaka iliyopita. Akawaambia ukweli wa nyuma ya ghala.

Baba Selchang aliduwaa. Mama Ponfa hakuduwaa; alisogea karibu, na maswali yake yakatoka moja moja, kwa sauti ya mtu anayepapasa chumba chenye giza.

"Uliitafuna?"

"Hapana, Mama."

"Ulifunga chumvi?"

"Nilikuwa nimekula karanga."

"Maneno?"

"Siyajui, Mama. Nilimeza tu."

Rifkatu, ambaye alikuwa amesimama mlangoni akijifanya anaandika, alikuja akampa yule mama kichupa cha Nanret. Mama Ponfa aliweka kibuyu chini. Alikishika kile kioo kwa ncha za vidole, akakiinua kwenye mwanga, na kwa utaratibu uleule aliokuwa nao katika kila kitu akakipindua. Damu ya mkwewe ikasimama juu ya kiganja chake. Aliitazama muda mrefu sana. Midomo yake ilianza kusogea, na Nanret akatambua kwamba alikuwa ananong'ona yale maneno, yote, tangu mwanzo mpaka mwisho, akikinong'onezea kitu ambacho hakikuwa na haja nayo.

Alipomaliza, alisema, "Miaka yote ile nimekula chakula bila chumvi."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyeambiwa kwamba mto aliokuwa akiubeba mgongoni ulikuwa unatiririka wenyewe. Nanret alitamani kumshika mkono, na akamshika, kwa ule wake mzima. Vidole vya mama yule vilikuwa vya baridi. Akamwambia kwamba kama si yeye asingejua mmea, wala kisu cha mti mrefu, wala jivu. Kwamba alimwona kwa macho yake akifanya, na ndivyo alivyojua. Mama Ponfa aliitikia kwa kichwa, bado anaitazama damu.

"Basi yameisha," Baba Selchang alisema, akikiokota kibuyu na kukisogeza. "Umemsifu Mama, vizuri. Sasa malizia. Shuka kitandani."

"Sema tu, Nanret," Ponfa alisema kwa upole. Kapu la chakula lilikuwa bado mikononi mwake. Hakuna aliyemwambia aliweke. "Useme, twende nyumbani. Moyoni utabaki na lako."

Wodi nzima ilisikiliza. Hata Buba aliacha kunywa maziwa. Nanret alimtazama mumewe, ambaye jana aliiwasha pikipiki bila kumuuliza mtu, na akajua kwamba angeupokea mkeka wake ukiwekwa nje, na pengine, baada ya kufikiri kwa muda mrefu, angeuleta wake auweke kando. Au asingeuleta. Jambo hilo lilikuwa la Ponfa. Aliuachia mkono wa mama mkwe wake taratibu, akajiegemeza ukutani ili asionekane anainama.

"Nimfa angekuwa hai, Baba, ningepiga magoti sasa hivi, hata mbele ya karani wa mlangoni," alisema. "Lakini alikufa ng'ambo ya uzio, na mbegu ilikuwa ndani, na mimi nilikuwa ndani pamoja nayo. Huyu binti akija tena kijijini nitampa kapu zima la mbegu. Urudisheni unga nyumbani, upikwe. Siombi radhi."